Breki na Shokapu za Impreza Yangu kwa Mteremko wa Manyovu

Barabara ya lami kutoka Manyovu hadi Mwandiga ina urefu wa kilomita zipatazo 60, na mtu anayerudi Kigoma mjini kutoka milima ya Buhigwe huipita kwa kushuka na kukunja kona, kisha kushuka tena. Ni katika barabara hiyo, siku moja ya masika, ambapo pedeli ya breki ya Subaru Impreza WRX yangu ilizama chini ya mguu wangu polepole, kama ninayekanyaga tope, wakati mbele yangu kulikuwa na lori lililosheheni ndizi na pembeni yangu amekaa mke wangu. Nilirudisha gia hadi ya pili, nikaipampu pedeli mara tatu nne mpaka ikapanda kidogo, nikavuta breki ya mkono, na gari likasimama ukingoni likitoa harufu kali ya kitu kinachoungua. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Mwanga, mtaa wa Kigoma mjini. Hapo ndipo aliponiambia, "Baba Zawadi, ukilitengeneza tena gari hili, anza na kusimama kwake."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimeweka fedha yangu katika ekzosi, chujio la hewa na springi fupi, huku breki zikibaki zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa mikoa yetu ya magharibi wanaomiliki magari ya kasi, kwani wengi wetu tunaiga matengenezo yanayofanywa kwa barabara ambazo hatuzipiti, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto na kulitawanya joto hilo hewani. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hubeba nishati ya kilojuli 580 hivi, ambayo ingetosha kuchemsha takribani lita 1.8 za maji kutoka nyuzi 25. Karibu nishati hiyo yote huingia kwenye diski zinazozunguka na magurudumu na pedi zinazozibana, kwa sekunde chache tu. Mwendo ukiwa kilomita 50, nishati ni robo yake, si nusu, na ndiyo maana mtu anayeendesha mjini tu anaweza kukaa miaka mingi bila kujua kwamba breki zake zimechoka. Mlima ni jambo jingine kabisa. Kila mita 100 za kimo ambazo gari hilohilo linashuka, hutoa nishati sawa na kusimama mara mbili na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa, na sehemu yoyote ambayo haikuchukuliwa na upepo au na injini iliyo katika gia ndogo, hubaki kuwa mzigo wa breki. Siku ile nilikuwa nimeshuka katika gia ya nne, mguu ukigusa breki muda wote. Kosa la kwanza lilikuwa langu, kabla hata ya kulitazama gari.

Kuna namna mbili ambazo breki huweza kuishiwa nguvu kwa joto, na dereva anaweza kuzitofautisha kwa mguu. Pedi zikipita kiwango chake cha joto, pedeli hubaki ngumu na juu, lakini gari haliitiki hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Mafuta ya breki yakichemka ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachosukuma pedi kwenye diski, pedeli hulainika na kuzama, kwa sababu mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Yangu ilizama. Mafuta ya breki yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza maji, kiwango cha chini kinachokubalika huwa nyuzi 155. Kwa DOT 3 viwango hivyo ni 205 na 140. Gari linalokaa kando ya Ziwa Tanganyika miaka minne bila kubadilishiwa mafuta, kama langu, halina sababu ya kushangaza watu likichemsha.

Fundi wangu wa Mwanga alifungua nipeli ya kalipa ya mbele, tundu la kutolea mafuta, akachomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga na kuuingiza kwenye chupa ya maji iliyokuwa tupu, nami nikakaa ndani kukanyaga na kuachia kwa amri yake. "Kanyaga, kaka. Shikilia. Achia." Kilichotoka kilikuwa cheusi. "Njoo utazame mwenyewe," akaniita, "hii imekuwa chai ya rangi." Rangi peke yake haithibitishi kwamba maji yameingia, lakini mafuta mapya hukaribia kuwa meupe au ya manjano hafifu, na yale yalikuwa yamepita huko siku nyingi. Tulisukuma mafuta mapya katika magurudumu yote manne mpaka yakatoka safi, bila kipovu hata kimoja kwenye mpira ule, na tuliangalia kibuyu cha mafuta cha masta silinda kila baada ya muda kisije kikakauka na kuvuta hewa upya. Kazi hii haikuzidi saa moja na nusu. Ningekuwa na fedha ya kazi moja tu, ningefanya hii, na ningeirudia kila baada ya miaka miwili.

Diski za mbele za WRX yangu zina kipenyo cha milimita 294 na unene wa milimita 24 zikiwa mpya, na hazitakiwi kushuka chini ya 22. Fundi alipima kwa kalipa ya kupimia akapata 22.3. Diski nyembamba hubeba joto kidogo kabla ya kuelemewa, kwa hiyo nikaagiza mpya, pamoja na pedi zinazostahimili joto zaidi ya zile za kawaida. Hapa naomba msomaji awe mwangalifu: pedi za mashindano, ambazo baadhi ya wauzaji huzisifu sana, huhitaji kupashwa moto ndipo zishike vizuri, na asubuhi mtoto akikatiza mbele yako mtaani hutapata nafasi ya kuzipasha. Nilichukua daraja la kati, linaloshika hata likiwa la baridi. Pedi mpya nilizizoesha diski kwenye barabara ya Ujiji alfajiri, kwa kupunguza mwendo mara kumi hivi kutoka kilomita 60 hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha nikaendesha taratibu hadi zikapoa. Mipira ya breki nayo ilikuwa na nyufa ndogo karibu na viungio, hivyo nikaweka iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, ambayo haivimbi kwa shinikizo. Pedeli ikawa na msimamo ambao sikuwahi kuufahamu tangu ninunue gari hilo.

Rafiki zangu wa Dar es Salaam walinishauri nifunge kalipa kubwa za Brembo za WRX STI, toleo la nguvu zaidi la gari hili, zenye diski za milimita 326. Ni vifaa vizuri, na vingeongeza uwezo wa kubeba joto. Hata hivyo, nilikataa kwa sababu tatu. Kwanza, zinahitaji rimu za inchi 17, nami natumia za 16 kwa makusudi, ili tairi liwe na ukuta mrefu wa mpira unaopokea mashimo. Pili, ukizifunga mbele tu bila kugusa nyuma, uwiano wa breki huhamia mbele, magurudumu ya nyuma yanafanya kazi pungufu, na safari ya kusimama inaweza hata kurefuka. Tatu, na hili ndilo wengi hawalitaki: ikiwa breki ulizonazo tayari zina nguvu ya kufanya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, ianze kazi, basi kinachokuzuia kusimama mapema zaidi ni tairi. Breki kubwa hukusaidia kusimama mara ya kumi sawasawa na mara ya kwanza, na hiyo nimeipata kwa mafuta, pedi na diski nzima.

Sasa nije kwenye springi, ambazo zinanikera zaidi kuliko breki, kwa kuwa hizi niliziharibu mwenyewe kwa fedha taslimu. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam aliniuzia springi zinazoshusha gari sentimita nne, na nilifurahi kuona gari limekaa chini kama yale ya picha. Katika njia za vumbi za mtaa wa Gungu furaha hiyo haikudumu wiki mbili. Shokapu ina urefu wake wa kuzama, na ukishusha gari sentimita nne, umekula urefu huo kabla gari halijasogea; shimo dogo tu linatosha kufikisha shokapu kwenye mpira wake wa mwisho, na hapo gari hugonga, tairi huruka, na tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kupinda kona. Isitoshe, Impreza kama yangu hutumia shokapu za kusimama wima pamoja na mikono ya chini, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwa chini, na gari likishushwa sana, mikono hiyo huinuka upande wa gurudumu na kituo ambacho gari hulalia kwenye kona hushuka zaidi ya mwili wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake ni kwamba gari lililoshushwa ili lisilale kwenye kona linaweza kuwa na tamaa kubwa zaidi ya kulala, na mtu akalazimika kuweka springi ngumu zaidi kufidia.

Wapo wanaokata springi kwa moto au kwa msumeno, na ni wengi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja na nusu, inakuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi, ncha yake haikai tena vizuri kwenye kiti chake, na gari likiinuliwa kwa jeki inaweza kuchomoka kabisa mahali pake. Nasema kwa moyo wote: usikate springi.

Kilichonifungua macho ni kukumbuka historia ya gari lenyewe. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, katika njia za Kenya zenye mawe, vumbi na matope tunayoyafahamu. Magari yale yaliinuliwa juu na kupewa shokapu zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Wahandisi waliokuwa na uwezo wa kufunga chochote walichotaka waliamua kulipatia gari nafasi.

Nikarudisha springi za urefu wa kiwandani. Nikaagiza shokapu nne mpya za KYB, ambazo mafundi wengi bado huziita Kayaba, mauntingi za juu, bushi za mikono ya chini na boljointi, na mzigo ukafika kwa basi. Ili gari lisilale sana kwenye kona, nilibadilisha stabilaiza ya nyuma, chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kutoka unene wa milimita 20 kwenda 22. Milimita mbili zinaonekana ndogo, lakini ugumu wa chuma cha namna hiyo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo niliongeza karibu asilimia 46. Uzuri wa stabilaiza ni kwamba hufanya kazi pale upande mmoja unapozama kuliko mwingine; gari likipanda tuta kwa magurudumu mawili pamoja, yenyewe huzunguka tu na haimsumbui abiria. Kwenye tope inataka mkono wa upole, kwa sababu mkia huwa mwepesi zaidi kutoka.

Jambo moja fundi wangu alilisimamia kwa ukali, nami namshukuru. Bolti za bushi hatukuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alizishika kidogo tu, akalishusha gari, akalisukuma mbele na nyuma likae, ndipo akaingia shimoni kuzikaza. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira wa bushi hubaki umejinyonga kila siku gari linaposimama, na huchanika ndani ya miezi. Kisha akafunga kamba kutoka nyuma hadi mbele pande zote mbili za gari, akapima kwa rula umbali kati ya kamba na ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu, akirekebisha tairodi kwa robo ya mzunguko kila mara. Baadaye, nilipopata safari ya Mwanza, nilipimisha kwa mashine ya alaimenti, na tofauti ilikuwa ndogo mno.

Tairi ndizo nilizomalizia, ingawa kwa haki zingetangulia. Tazameni tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zangu zilikuwa na kashata za kutosha na umri wa miaka tisa, na mpira wake ulikuwa umekauka.

Tumeshuka tena kutoka Manyovu mwezi uliopita, mvua imekatika na lami bado ina unyevu. Nilishika gia ya tatu tangu kileleni, na kwenye kona kali nilikanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha nikaachia, ili diski zipate upepo. Pale Mwandiga nilisimama, nikakanyaga pedeli injini ikiwa inanguruma, na ikasimama palepale iliposimama asubuhi. Rimu za mbele zilikuwa na joto la kuondoa mkono haraka. Za nyuma zilikuwa za uvuguvugu. Mke wangu alikuwa amelala tangu kona za juu, kichwa kimeegemea mkanda. Kilichobaki ni linki ya stabilaiza ya nyuma upande wa kulia, inayogonga kidogo ninapovuka reli, nayo nimeshaiagiza.