Wafu wa Barton na makaburi yetu ya Kunduchi

Huku niliko, Hull, Uingereza, ukivuka tu lile daraja la mto Humber unaingia Barton, mji mdogo umetulia, na pale kuna kanisa la St Peter's, mnara wake una zaidi ya miaka 1,000 na bado umesimama. Kati ya 1978 na 1984 wataalamu walifukua ndani ya kanisa na uwanja wake wakatoa mifupa ya watu karibu 2,800, waliozikwa kuanzia karne ya 10 mpaka ya 19. Parokia moja tu jamani! Babu, mjukuu, kitukuu, kilembwe, wote wamelala pale pale.

Kilichonishika zaidi ni namna walivyozikwa. Kichwa magharibi miguu mashariki, ili siku ya ufufuo mtu akiinuka awe anatazama jua linakotokea, na wengine wa zamani zile wamewekewa mawe pembeni ya kichwa kisilale upande. Nikasema hili lazima nimpigie mjomba wangu wa Kunduchi, Dar es Salaam, maana yeye mtaani akifa mtu ndio wa kwanza kuingia kaburini kupokea maiti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, za huko kwenye baridi?"

Nikamweleza yale mawe. Akanisikiliza weee, kisha akasema, "Sasa na sisi si ndivyo? Tunamlaza ubavu wa kulia aelekee kibla, shavu tunaliegemeza kwenye udongo, mgongoni tunamkingia asirudi chali. Maiti halazwi hovyo."

Akashangaa zaidi habari ya sanda. Miaka ya 1660 na 1670 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria sanda iwe ya sufu tupu, ili sufu ya kwao ipate soko, na kwa ndugu wa marehemu lazima awepo mtu wa kula kiapo kwamba kweli ilikuwa sufu, vinginevyo faini pauni 5, ambayo enzi hizo ni hela ndefu, lakini matajiri wengine walilipa tu ili mtu wao azikwe na kitani. Imefutwa 1814. Mjomba akasema sanda ni haki ya maiti, serikali inaingiaje humo, na mi nakubaliana naye kabisa.

Ila hapa niwape haki yao wale wataalamu wa Barton. Baada ya kuisoma ile mifupa, magonjwa ya viungo, meno na nini, hawakuiacha kwenye maboksi ya chuo huko mbali. Imerudishwa kanisani kwao, kuna chumba maalum, mtafiti akiitaka anaifuata pale pale.

Sasa njoo Kunduchi. Tuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo chini ya mibuyu, mengine ya karne ya 18, wenyewe waliyapachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo kwa heshima ya marehemu, na leo sehemu nyingi yamebaki matundu tu, bakuli zimeng'olewa. Inaniuma sana kwa kweli. Watu wa Dar wanapita kwenda bichi na hawajui kuna wazee wamelala hapo.

Mjomba ameshaongea na ustadhi, watoto wa madrasa watapelekwa wakafyeke majani na kuwasomea dua wale wazee. Mimi natuma hela ya mapanga na maji ya kunywa, na aliyeko Kunduchi, Mtongani au Tegeta anayetaka kujumuika akaulize msikitini, mjomba anajulikana. Bakuli zilizobaki zisiguswe tu.