Simu kwenye redio ya sebuleni: angalia waya kabla hujamwita fundi

Tanga hapa, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, nyumba nyingi bado zina ampilifaya au deki ya kaseti iliyo nzima kabisa, na spika za mbao ambazo sabufa ndogo za siku hizi hazizifikii. Nyimbo ndizo zimehamia kwenye simu au kichezeo cha mfukoni. Kuziunganisha ni kazi ya waya mmoja wa bei ndogo. Sauti ikitoka mbaya, usikimbilie kulaumu redio: mara nyingi kosa liko kwenye ncha za waya au kwenye tundu ulilochomeka.

Waya wenyewe uwe na pini ya milimita 3.5 upande wa simu, na pini mbili za RCA, zile nene za rangi, upande wa ampilifaya. Nyekundu ni kulia, nyeupe au nyeusi ni kushoto. Mita 1.5 inatosha sebule ya kawaida. Ukinunua mrefu, hakikisha una wavu wa shaba unaozunguka nyaya za ndani, maana waya usio na kinga hudaka muungurumo wa umeme. Kama redio ina tundu dogo la AUX, yaani la kuingizia sauti kutoka chombo kingine, chukua wenye pini ya 3.5 pande zote mbili.

Kabla ya kulipa, itazame ile pini ndogo. Yenye mikanda miwili myeusi ndiyo unayoitaka: ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, shina ni erthi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme wa sauti. Yenye mikanda mitatu ni ya simu yenye maikrofoni, na ukiichomeka kwenye tundu la redio, erthi inaweza isikutane na erthi. Dalili yake ni ya ajabu: sauti ya mwimbaji inapotea, vyombo vinabaki vikisikika kwa mbali kama vimo ndani ya pipa. Sababu ni kwamba erthi ikikatika, spika hupokea tofauti tu kati ya kushoto na kulia, na kilicho sawa pande zote mbili, yaani mwimbaji aliyewekwa katikati, kinajifuta. Taarab ya zamani ya Black Star au Lucky Star, vikundi vya hapa Tanga, ikiwa imerekodiwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, karibu wimbo wote unafifia. Watu hudhani faili limeharibika. Chomeka pini mpaka mwisho. Na kama kava la simu ni nene, livue, maana huizuia isiingie yote.

Sasa nyuma ya ampilifaya. Tumia AUX, CD, TUNER au TAPE IN. Yote hupokea sauti ya kiwango kilekile. TAPE OUT au REC ni ya kutolea, ukichomeka hapo hutasikia kitu. PHONO iache kabisa. Tundu hilo ni la santuri, ambayo sindano yake hutoa umeme mdogo mno, kwa hiyo ampilifaya huukuza kama mara 100 na kuongeza bezi. Simu ikipita hapo, sauti inakwaruza na bezi inavuma hata ukipunguza. Matundu ya spika nayo hayahusiki na simu hata kidogo: umeme unaotoka pale unaweza kuiua.

Punguza sauti ya ampilifaya hadi sifuri kabla ya kuchomeka au kuchomoa, kwani ule mshindo wa "pa!" unaweza kuharibu tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kisha pandisha simu hadi asilimia 80 au 90, ndipo uongeze kwenye ampilifaya. Wengi hufanya kinyume, simu chini na ampilifaya juu, halafu wanalalamikia mchirizo wa "shhh". Ekolaiza ya simu izime.

Ukisikia muungurumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya simu. Muungurumo ukikoma, umeshajua: simu na ampilifaya zinakutana njia mbili, kwenye umeme wa ukutani na kwenye waya wa sauti, na kelele inapita humo. Piga muziki kwa betri, au nunua kile kiboksi kidogo chenye transfoma mbili kinachokaa katikati ya waya na kukata mzunguko huo.

Simu zisizo na tundu la 3.5 zinahitaji adapta. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengine wakafuata. Adapta za USB-C ni za aina mbili: zenye kibadilishi cha sauti ndani, na zenye nyaya tupu zinazokubaliwa na simu chache. Kwa nje zinafanana, kwa hiyo ijaribu palepale dukani na simu yako.

Jambo la mwisho ni letu sisi wa pwani. Hewa ya chumvi, hasa nyumba za Raskazone zinazotazama bahari, hutia matundu ya RCA utando wa kijani, na upande mmoja wa sauti unakuja na kupotea. Zima umeme, chomoa plagi ya ukutani, pakaza spiriti kwenye pini, uiingize huku ukiizungusha mara kadhaa, kisha uifute. Kitufe cha kuchagulia AUX na kile cha sauti vizungushe huku na huko mara 20 hivi umeme ukiwa bado umezimwa, vikwangue kutu vyenyewe. Acha spiriti ikauke kabisa kabla ya kuwasha.