Nilivyopata maboga Mikanjuni baada ya kuunguza mashina 4 kwa urea

Vuli iliyopita nilipanda maboga nyuma ya nyumba hapa Mikanjuni, Tanga, mashina 9, nia yangu Ramadhani ikiingia watoto wafuturu boga la nazi la kwetu wenyewe siyo la sokoni. Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kuwa njano ila machanga ya juu bado kijani, nikajua hiyo njaa ya naitrojeni, na kweli ndiyo yenyewe maana mmea ukiikosa unaihamisha toka jani kuukuu unalipa changa. Tatizo nilivyoitibu sasa. Nilimwaga urea kiganja kizima pale pale shinani, kesho yake mashina 4 yamelala chini, udongo umelowa kabisa lakini majani yamenyong'onyea kama hayajaona maji mwezi mzima.

Bibi jirani alipopita nikamwamkia, akaangalia akasema, "Mwanangu, huyu hujamlisha, umemtilia chumvi."

Na ndivyo ilivyo jamani. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, ikiyeyuka nyingi sehemu moja maji ya udongoni yanakuwa makali kuliko yaliyo ndani ya mzizi, kwa hiyo badala ya mzizi kunyonya unanyonywa wenyewe. Nikafukua shina moja lililokufa taratibu kwa mkono, mizizi ilishatambaa toka kiganja hadi kiwiko, na kule karibu na ncha chembe za udongo zimeng'ang'ania hata ukitikisa hazitoki. Zimeshikwa na vinyweleo, vidogo mno, na hivyo ndivyo vinavyokunywa. Mimi mbolea naweka shinani, mdomo uko huko mbali!

Yale 5 yaliyobaki nikayamwagia maji mengi siku 3, halafu samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri nikaizungushia futi moja toka shinani. Yakarudi.

Maua nayo yalinipa presha, yanachanua yanadondoka, yanachanua yanadondoka, kumbe mwanzoni yanatangulia madume matupu. Ua jike utalijua tu, chini ya petali kuna kiboga kidogo kama gololi, dume lina kikonyo chembamba kirefu na katikati nguzo moja ya unga wa njano, ndiyo chavua. Majike yalipokuja vile viboga vikawa vinasinyaa, nyuki kwetu wachache, basi nikawa natoka baada ya swala ya alfajiri maana ikifika saa 4 ua limeshafunga, nachuma dume, namenya petali zote, napaka chavua kwenye jike pale katikati palipogawanyika mara tatu panaponata. Napaka pande zote, kwa sababu kila mbegu inataka chavua yake, zikiwa chache boga linapinda au linadondoka.

Jambo jingine nilimwomba mama watoto apunguze kuchuma msusa, yale majani ya maboga, kwenye mashina yaliyoshika. Mboga tamu naipenda sana, lakini sukari ya boga inapikwa kwenye jani kwa jua, mbolea ni madini tu.

Mashina 5 yalinipa maboga 11, moja tulilipima kwa muuza duka likafika kilo 6. La kwanza nilimpelekea bibi, akanirudishia mbegu zake kwenye kikaratasi, ziko juu ya ungo zinakauka.