Siku moja maishani mwangu: rangi ya fizi

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kuvaa koti naingia chumba cha wagonjwa wa kulazwa, hapa kliniki kwetu ya mifugo, Tegeta, Dar es Salaam. Kuna mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, ana siku ya nne kwenye dripu kwa ajili ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Namwinua mdomo: fizi ambazo juzi zilikuwa nyeupe kama karatasi leo zina uwaridi, rangi ya afya. Amelamba maji na hajayatapika. Parvo haina dawa ya kuua kirusi chenyewe. Tunamrudishia maji na chumvi, tunazuia kutapika, na tunampa antibayotiki kwa sababu utumbo uliochubuka hupitisha bakteria kwenye damu. Huyu alichanjwa mara moja tu. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita.

Saa 3:00. Anaingia mzee na mbwa wake wa ulinzi, jike, miaka saba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba daktari. Huyu nadhani ana mimba, ila hali chakula, anakunywa maji tu."

Tumbo limejaa, fizi zimekuwa nyekundu iliyokolea. Namuuliza lini mbwa alikuwa kwenye joto, yaani akitaka dume. Mwezi na nusu uliopita. Kwenye ultrasaundi hakuna hata mtoto mmoja: mji wa mimba umejaa usaha, na mlango wake umefunga, ndiyo maana nyumbani hawakuona uchafu wowote ukitoka. Hali hii ikiachwa, mji wa mimba unaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni. Namwambia mzee inabidi nimpasue mbwa niutoe. Mzee anakaa kimya, halafu ananiambia, "Mfanyie."

Saa 5:00. Kwanza maji ya mshipani, maana mbwa mwenye sumu mwilini hulazwa nusukaputi kwa hatari kubwa. Kisha dawa ya usingizi, mpira wa kupumulia kwenye koo, oksijeni. Nanyoa, naosha, nachana katikati ya tumbo. Mji wa mimba unaopaswa kuwa mwembamba kama penseli unatoka mnene kama mkono wangu, ngozi yake imetanuka mpaka inang'aa. Naubeba kwa viganja viwili bila kuuminya. Sehemu ngumu ni mishipa ya damu ya ovari. Huko ndani sana, fundo likiteleza, damu itajaa tumboni haraka. Nafunga mara mbili, naachia koleo polepole, nahesabu hadi ishirini nikitazama. Pakavu. Msaidizi wangu anainua mdomo wa mbwa: "Waridi, dokta." Nashona tabaka tatu. Nilisoma udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, miaka mitano, na ng'ombe walikuwa wengi kuliko mbwa darasani, lakini fundo hilo nililifanyia mazoezi kwenye kamba za viatu usiku kucha.

Mchana ni kuchoma chanjo za kichaa cha mbwa na kuhasi paka dume wawili.

Saa 9:00 alasiri. Dada mmoja anakuja mbio na paka ndani ya kanga. Jana usiku paka alikuwa na homa, dada akampa nusu kidonge cha paracetamol. Uso umevimba, fizi zina rangi ya kahawia. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama la binadamu, na damu yake huacha kubeba oksijeni. Dada analia. Simlaumu, alimpa kwa mapenzi. Tunamweka kwenye oksijeni, tunamchoma asetilisisteini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na dozi zitarudiwa kila baada ya saa sita.

Saa 12:00 jioni mbwa wa mzee ameinua kichwa, mkia umegonga sakafu mara mbili. Nampigia mzee simu. Anasema "Alhamdulillahi" mara tatu.

Saa 2:00 usiku nakabidhi zamu. Paka bado yuko kwenye oksijeni. Kwenye karatasi ya mlango wake nimeandika kwa kalamu nene: fizi, kila nusu saa, na unipigie hata saa tisa usiku.