Habari aliyopelekewa Yesu

Tafakari ya wiki: Luka 13:1–9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tarehe 7 Agosti imepita tena, na kama kawaida huku kwetu Mwanza imepita katikati ya shamrashamra za Nane Nane. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilijaa mabanda ya Nyamhongolo, matrekta, ng'ombe wa maziwa na viongozi wakikagua mbegu. Karibu na michezo ndipo zikaja picha zile zile za mwaka 1998, siku balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa kwa mabomu: moshi juu ya Nairobi, jengo jirani la Ufundi House likiwa kifusi, ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukiwa umebomoka. Msomaji akataja idadi ya waliouawa, 213 Nairobi na 11 Dar, kisha tukahamia kwenye mpira.

Nilizitazama habari hizo Kirumba, kwenye mgahawa wa jirani na mwaloni. Kijana mmoja wa kubeba magunia ya dagaa, ambaye kwa umri wake hakuwa amezaliwa mwaka ule, aliuliza, "Kwani hao watu walikosa nini?" Mzee aliyekaa karibu yake akamjibu bila kugeuka, "We acha, hao ni wale wale tu." Kila mtu pale alielewa anawasema kina nani. Dada anayehudumia chai pale huvaa hijabu. Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Maswali mawili hayo, la waliouawa walikosa nini na la wauaji ni kina nani, ndiyo yaliyompata Yesu katika Luka 13. Watu walimpasha habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Habari mbaya, tena ya kweli, na waliouawa walikuwa Wagalilaya kama yeye. Nadhani walitaka achague moja: amlaani Pilato, au aeleze kwa nini Mungu aliruhusu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwauliza, "Mwadhani ya kwamba Wagalilaya hao walikuwa wenye dhambi kuliko Wagalilaya wote?" Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, habari ambayo hakuna aliyekuwa ameileta.

Lile "sivyo" tukae nalo kidogo. Kule Nairobi, kabla ya bomu lenyewe, kulitangulia kishindo kidogo. Watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani walifanya ambalo mimi na wewe tungefanya: walisogea madirishani kuona kuna nini. Bomu likalipuka wakiwa hapo, vioo vikawaingia usoni na machoni. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka hivyo. Kule Dar, gari la maji lilikuwa langoni pa ubalozi na likalizuia lori lenye bomu lisisogee zaidi. Waliokuwa nje wanahangaika na riziki ndio waliobeba kishindo. Kati ya wale 11 hakuna Mmarekani hata mmoja. Sasa, anayetaka kutafuta dhambi ya mtu aliyechungulia dirishani, au ya mtu aliyeleta maji, aitafute wapi?

Na mnara wa Siloamu? Sisi wa ziwani hatuna haja ya kwenda Yerusalemu. Tunao wetu, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikitokea Bukoba na Kemondo kuja Mwanza, imejaa kupita kiasi. Makaburi yao ya Igoma mnayajua. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba ndani ya meli ile alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, mmoja wa waasisi wa kundi la kigaidi la al-Qaeda na mkuu wake wa mapigano. Alizama pamoja na wanafunzi, wafanyabiashara, akina mama na watoto wao. Wenzake walikuja huku ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa. Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo likalipua zile balozi mbili.

Nimesikia mahubiri yanayosema Mungu alimzamisha yule. Mimi siwezi kuyahubiri. Kama meli ilizama kwa ajili yake, basi mamia wengine walizama kwa ajili ya nani? Yesu anatukataza hesabu ya namna hiyo.

Lakini hakuishia kwenye "sivyo". Aliendelea: "msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Maneno makali kuwaambia watu wenye msiba, na nakiri huwa yananisumbua. Walikuja na dhambi ya Pilato, wakarudishwa na yao. Kwetu toba hiyo inaanzia kwenye "wale wale". Ni kweli kati ya waliohukumiwa kifungo cha maisha Marekani kwa mashambulizi yale wamo vijana wawili wa Zanzibar, wenye Kiswahili kama chetu. Na ni kweli pia kwamba mwaka 2013, Buseresere mkoani Geita, Wakristo na Waislamu waligombana juu ya nani achinje nyama ya kitoweo, mpaka mchungaji akauawa. Wapo waliokuwa wakichochea kutoka pande zote mbili, na baadhi walikuwa wanatoka ibadani.

Tena, wapendwa, mistari hii mitano ya kwanza husomwa sana peke yake, na hapo kosa ni letu wahubiri. Luka anaendelea moja kwa moja na mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anamwomba: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mwaka mmoja wa kupaliliwa, si wa kukaa tu. Kila Agosti 7 inayotukuta hai, na kila Mei 21, ndiyo "mwaka huu nao" tulioombewa.

Kwa hiyo vikundi vya nyumbani wiki hii msome hadi mstari wa 9. Kwenye maombi wakumbukwe wafiwa wa Nairobi na Dar, waliopofuka ambao bado wako hai, na familia za MV Bukoba. Mkimaliza, waombeeni na wafungwa wale wawili wa Zanzibar pamoja na mama zao. Najua wapo watakaolikataa hilo la mwisho, na Jumapili iliyopita mmoja aliniambia wazi. Anayekataa asilazimishwe kusema amina, ila asiondoke mapema.