Viatu 11, watu 5

Leo nimefagia baraza nikahesabu viatu vya michezo: jozi 11. Sisi ni watu 5!

Januari kiwanja cha mtaa kiligeuka tope jekundu, lile la Lubumbashi linalong'ang'ania soksi hata ukiziloweka usiku kucha. Soksi nyeupe za mwanangu wa kati sasa zina rangi ya tofali. Nimeshakubali.

Binti mkubwa yuko basketi. Mwezi wa 7, kwenye baridi kali ya kiangazi, alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia. Nami nyuma yake, kitenge mabegani, nahema kama treni ya mizigo. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, rudi tu ulale."

Baba yao ni Lupopo damu, watoto wote Mazembe. Timu zote mbili ni za soka za hapa Lubumbashi, zilianzishwa mwaka 1939, umri mmoja kabisa, lakini siku ya dabi kwetu bukari (ugali) huliwa kimya.

Kitinda mimba, golikipa wetu, alivunjika mkono. Si golini, bali juu ya mwembe wa jirani! Wiki sita za plasta, watoto wa mtaa wakaichora yote. Jana ameanza kudaka tena, na dirisha la jikoni halina kioo.