Nilivyojipanga kununua vitu vya pilau ya Idi

Kwetu Zanzibar Idi bila pilau haijakamilika. Nguo mpya zinaweza kukosekana, lakini wageni wakija kupeana mkono wa Idi lazima wakute sinia. Kazi ya kwenda sokoni ilikuwa ya marehemu baba, sasa ni yangu, na ugumu wake si bei peke yake. Siku yenyewe huijui. Ramadhani huisha kwa 29 au kwa 30, na tangazo la mwezi hutoka usiku. Ukiandama usiku wa kuamkia 30, asubuhi jiko linatakiwa liwe linawaka.

Kwa hiyo nikavigawa vitu kwa kuangalia kipi kinakaa na kipi kinaharibika. Vinavyokaa nilivinunua kumi la kati la Ramadhani, kabla soko la Darajani halijafurika watu.

Viungo ndivyo nilivyovipa muda mwingi, na sijutii. Nanunua vizima tu. Vya unga huwezi kujua vimesagwa lini wala vimechanganywa na nini. Iliki nabandua ganda moja: punje zikiwa nyeusi na zinanata kidogo, nachukua, zikiwa kavu na zimepauka, narudisha. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha iache mafuta. Inaniuma kuona karafuu zilizokatika vichwa, zimechanganyika na makonyo, yaani vikonyo vyake, zikiuzwa kisiwa hikihiki cha karafuu. Mdalasini nataka ule mwembamba uliojikunja tabaka kwa tabaka, si yale magome manene.

Bizari nyembamba ndiyo roho ya pilau, na hapo ndipo nilipomsumbua muuzaji, mzee wa makamo ya baba.

"Ami, niruhusu nifikiche kidogo."

"Fikicha, mwanangu, usione haya."

Nikafikicha, nikanusa. Ilinuka vumbi. Mzee hakubisha, akafungua gunia jingine lililokuwa nyuma, na safari hii harufu ilinifikia kabla sijainama. Nikachukua robo kilo, maana itakayobaki itatufaa kwa Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja.

Mchele nao ulihitaji hesabu, kwa sababu haukuwa wa pilau tu. Kuna zakatul fitri, sadaka ya lazima ya kufungia Ramadhani, pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, karibu kilo 2.5, na inatakiwa iwafikie wenyewe kabla ya sala ya Idi. Mimi nanunua mchele mmoja kwa yote mawili. Sioni uzuri wa kumpa masikini mchele wa vipande halafu mwenyewe nikapikia basmati. Nilimwomba mwenye duka anipe uliokaa, si wa mavuno mapya. Mchele uliokaa hunywa supu vizuri na punje husimama mbalimbali. Mpya hushikana, hata mpishi awe hodari vipi.

Nyama niliizungumza mapema. Nilimwendea muuza nyama tunayemzoea nikamtangulizia nusu ya pesa, tukakubaliana bei kabla haijapanda kwa msukumo wa siku za mwisho. Nilitaka kidari na mbavu, mifupa imo na mafuta kidogo, maana supu yake ndiyo itakayopikia mchele. Steki haina kazi hapo. Nikamwambia, "Mwezi ukiandama nakuja baada ya Alfajiri. Usipoandama, nihesabu kesho yake." Akanijibu kwamba hata yeye hulala na redio masikioni.

Vitunguu maji nilinunua soko la Mwanakwerekwe, vile vyekundu vinavyovuka bahari kutoka bara, ganda likiwa limekauka kiasi cha kulia mkononi. Rangi ya pilau yetu inatokana na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa hudhurungi, na kitunguu kibichi kikijaa maji kitakuchelewesha jikoni, mwisho kitachemka badala ya kukaangika. Thomu (vitunguu saumu), tangawizi na mbatata nilichukua hapohapo.

Mwezi ukatangazwa. Usiku ule Darajani hapapitiki, watoto wanavishwa viatu barabarani, lakini mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye tungule (nyanya), ndimu na pilipili za kachumbari. Hivyo ndivyo pekee nilivyoviacha hadi saa hiyo. Tungule ikilala siku mbili kwenye joto letu inalegea, na kachumbari inageuka maji. Nilirudi mama ameshachagua mchele na kutwanga thomu.

Nilipotoka msikitini alfajiri, muuza nyama alikuwa ameshaning'iniza mfuko wangu pembeni, kilo 4, vipande vya kiasi. Nikamalizia pesa yake, nikampa mkono wa Idi, na nyama ikaingia sufuriani kabla jua halijachomoza.